Mtakatifu Ivo, Hakimu Mpatanishi

Katika vijiji vya Koni, karibu na mto Lufira, na katika vijiji vingine vyote, watu hushtakiana kwa ajili ya mpaka wa shamba, mahari au deni. Mara nyingi mmoja hushinda barazani, akarudi nyumbani na haki yake. Lakini jirani yake amekwisha kuwa adui. Hatari hiyo aliijua vema Mtakatifu Ivo, aliyekuwa hakimu katika Ufaransa zaidi ya miaka 700 iliyopita.

Ivo alizaliwa mwaka 1253 huko Kermartin, karibu na mji wa Tréguier, katika nchi ya Bretagne. Alipopata umri wa miaka 14 alipelekwa Paris kusoma. Baadaye alikwenda Orléans kujifunza sheria za Kanisa na sheria za serikali. Alisoma miaka mingi, kwa maana atakayeamua mambo ya watu yampasa kwanza kuijua sheria.

Kisha aliwekwa kuwa hakimu wa baraza la Kanisa katika mji wa Rennes. Siku zile baraza la Kanisa liliamua mashauri mengi ya ndoa, ya wasia, ya wajane na ya yatima. Mahakimu wengi walipokea zawadi za wenye mashauri. Ivo alizikataa zote, kwani aliyekula mbuzi wa mmoja hawezi kuaminiwa na mwenziwe. Karibu na mwaka 1284 Askofu wa Tréguier alimwita kwao kuifanya kazi ile ile, naye akapewa upadri.

Watu waliposhtakiana, Ivo hakufanya haraka kukata hukumu. Aliwasihi kwanza wapatane wenyewe, wasipoteze mali na undugu wao kwa kesi. Husimuliwa kwamba mama mmoja na mwanawe walishtakiana kwa uchungu mwingi, wala hawakukubali neno lolote. Ivo alikwenda kuwaombea katika Misa Takatifu. Aliporudi, mioyo yao ililainika, wakapatana.

Lakini upatanisho wake haukuwa kumnyamazisha maskini ili tajiri astarehe. Waliokataa kupatana aliwaamua kwa sheria, bila kuogopa uso wa mtu. Tena alikwenda katika mabaraza mengine kuwatetea maskini bila malipo, na kuwatembelea walipofungwa. Kwa sababu hiyo watu walimwita wakili wa maskini.

Hatimaye aliacha uhakimu, akawatumikia wakristo wa parokia yake ya Louannec. Nyumba yake ya Kermartin ilikuwa wazi kwa wagonjwa na wenye njaa. Alifariki tarehe 19 Mei 1303. Papa Klementi wa Sita alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1347. Yeye ni msimamizi wa mahakimu na mawakili, na sikukuu yake ni tarehe 19 Mei.

Bwana Yesu alitufundisha kupatana na mshtaki wetu tungali njiani, kabla ya kufika kwa hakimu. Basi mkatekumeni aitwaye kuamua ugomvi wa ndugu zake na afuate mfano wa Ivo: asipokee kitu, awasikilize wote wawili, awaombee, wala asikubali amani inayomnyang'anya mnyonge haki yake.