Imamu Ghazali na Saumu ya Moyo
Abu Hamid al-Ghazali alizaliwa Tus, Uajemi, mwaka 1058. Mwaka 1091 alikabidhiwa ualimu katika chuo cha Nizamiyya, Baghdad, akavuma mno. Mwaka 1095 aliisaili nia yake, akatambua kuwa alisomesha kwa kutaka sifa. Ulimi ukafungika, chakula kikamshinda. Akauacha wadhifa, akaenda Damascus, Yerusalemu na Makka. Katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din aliigawa saumu daraja tatu: ya tumbo na matamanio ya mwili, ya viungo kama ulimi na macho, na ya moyo uepukao fikira za kidunia. Alionya kuwa mwenye kufuturu kwa kushiba kupindukia huitia nguvu nafsi aliyokusudia kuidhoofisha. Alifariki Tus mwaka 1111.