John Backus, mtoro wa chuo aliyeizaa Fortran

Sisi tuliosomea ukimbizini tunaujua uchungu wa kuambiwa tumechelewa. Ndiyo maana wanafunzi wangu huwasimulia maisha ya marehemu John Backus.

Alizaliwa mwaka 1924 Philadelphia, Marekani. Chuo Kikuu cha Virginia kilimfukuza kwa utoro. Akaingia jeshini, akajaribu kusomea udaktari, akauacha. Alipokuwa akijifunza ufundi wa redio mjini New York ndipo alipoonja utamu wa hisabati. IBM ilimwajiri mwaka 1950, akiwa na miaka 25.

Siku hizo kuiagiza kompyuta kulikuwa kazi ya kuchosha, namba juu ya namba. Mwishoni mwa 1953 Backus aliwaomba wakubwa wake ruhusa ya kutunga lugha iliyo karibu na hesabu za kawaida. Wengi hawakuamini kwamba mashine ingeweza kujitafsiria maagizo vizuri kama binadamu. Mwaka 1957 yeye na wenzake wakaitoa Fortran, na wabishi wakanyamaza.

Baadaye Fortran ilipata jirani, lugha ya C, aliyoitunga Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970. Desturi zao ni mbili. C ikituma namba, hutuma nakala ya namba yenyewe. Fortran kwa kawaida haitumi gunia. Hutuma anwani ya ghala, yaani pointa.

Nilipokuwa mwanafunzi niliziunganisha bila kulijua hilo. C yangu ilituma 5. Fortran ikadhani 5 ni namba ya ghala, ikaenda kubisha pasipo pake, programu ikaanguka. Nilikesha siku mbili nikilitafuta kosa. Dawa ilikuwa ndogo: C itume anwani ya ile 5. Tangu kanuni za Fortran 2003, kuna hata agizo rasmi la kuiambia Fortran ipokee thamani yenyewe.

Backus alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1977, na katika hotuba yake aliikosoa namna ya kuandika programu ambayo yeye mwenyewe alisaidia kuieneza. Alifariki mwaka 2007 huko Oregon, akiwa na miaka 82.

Wanafunzi wangu wengi wamerudi na lugha ya ugenini mdomoni. Nawaambia: kuchelewa si kukosa, na ukivuka mpaka, uliza kwanza mwenzako hupokeaje mzigo.