Gandhi wa muhula mmoja

Mwezi uliopita nilipita Modogashe, pale njia panda ya Isiolo, Wajir na Garissa. Kwenye kibanda cha chai kijana mmoja akanieleza kuwa alama zake za mwaka wa kwanza chuo kikuu ni mbovu, na ndoto ya kusomea sheria ameshaizika. Nikamtajia Mohandas Gandhi.

Mwaka 1888 Gandhi aliingia chuo cha Samaldas, Bhavnagar. Masomo yakamlemea, na baada ya muhula mmoja tu akarudi nyumbani. Rafiki wa familia ndiye aliyeshauri aende Uingereza akasomee uwakili. Wazee wa jamii yake wakamtenga kwa kuvuka bahari; naye akaenda. London akajiongezea mtihani wa kuingia chuo kikuu. Kilatini kikamwangusha, akarudia, akapita. Juni 1891 akawa wakili.

Hata hapo mambo hayakunyooka. Katika kesi yake ya kwanza Bombay alisimama, ulimi ukamganda, akaketi na kuwaachia wengine kesi. Riziki ilimjia kwa Waislamu wenzetu, kampuni ya Dada Abdulla, waliomwita Afrika Kusini. Safarini, 1893, meli ilitia nanga Lamu. Akashuka kuuona mji, na wakati wa kurudi mkondo ukawa mkali, nusura aachwe. Lamu yetu hii!

Kijana akauliza Gandhi alikuwa na umri gani alipoacha chuo. Kumi na minane, nikamjibu. Akanyamaza kidogo, kisha akaagiza chai nyingine. Yeye ana ishirini.