Virginia Apgar: Daktari aliyempa kichanga alama kabla hajapewa jina

Zamani mtoto akizaliwa halii, kalegea, mara nyingi aliwekwa pembeni akidhaniwa hatapona. Virginia Apgar aliibadilisha hali hiyo.

Alizaliwa mwaka 1909 New Jersey, Marekani. Alitaka kuwa daktari wa upasuaji, lakini bosi wake akamshauri aachane nao, basi akageukia dawa za usingizi. Mwaka 1949 akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa kamili kwenye chuo cha udaktari cha Columbia.

Mwaka 1952 alitangaza kipimo chake: mapigo ya moyo, upumuaji, nguvu ya misuli, mtoto anavyoitikia akiguswa, na rangi ya ngozi. Kila kimoja alama 0 hadi 2, jumla 10. Hupimwa dakika ya kwanza na ya tano. Hakihitaji mashine kubwa: macho, masikio, mikono na saa tu. Sasa hakuna kichanga cha kuachwa bila kuangaliwa.

Apgar hakuwahi kuzaa. Alifariki 1974, lakini mpaka leo wakunga Tanzania na Kenya wanaandika jina lake kila mtoto anapozaliwa.