Daktari Aliyewakinga Askari na Homa ya Matumbo

Wasomaji wetu walio jeshini na katika polisi wanajua kwamba si kila adui hubeba bunduki. Leo twasimulia maisha ya Almroth Wright, daktari aliyelitambua jambo hilo mapema lakini akachelewa kusadikiwa.

Wright alizaliwa Uingereza mwaka 1861, akasoma Dublin. Mwaka 1892 aliteuliwa kuwa profesa katika chuo cha madaktari wa jeshi huko Netley. Siku hizo homa ya matumbo, iletwayo na maji na chakula vilivyochafuliwa kwa kinyesi, ilikuwa ikiteketeza askari kambini. Mwaka 1896 Wright alianza kuchanja watu kwa bakteria wa homa hiyo waliokwisha kuuawa kwa joto. Bakteria mfu hawezi kuleta ugonjwa, lakini umbo lake huufundisha mwili kumtambua adui kabla hajashambulia.

Vita vya Makaburu vilipozuka Afrika ya Kusini mwaka 1899, Wright alitaka askari wote wachanjwe. Wakuu wakaamua iwe hiari. Sindano ile ilileta homa na maumivu ya siku moja au mbili, na wengi wakaikwepa. Katika jeshi lililozidi watu 300,000, waliokubali walikuwa kama 14,000 tu. Homa ya matumbo ikaua askari zaidi ya 8,000, na maradhi kwa jumla yakaua wengi kuliko risasi.

Hatuna budi kusema kweli: Wright naye alikuwa na kasoro. Takwimu zake hazikutunzwa vema, na mwaka 1904 mtaalamu Karl Pearson alizikosoa vikali. Ilimlazimu Daktari William Leishman kuwachunguza askari upya, kikosi kwa kikosi, hata manufaa ya chanjo yakathibitika. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 askari walio wengi wa Uingereza walichanjwa, na homa ile haikurudia maangamizi yake.

Wright alifariki mwaka 1947. Leo wataalamu hukusanya vifuko vidogo mno ambavyo bakteria huvitoa katika utando wake wa nje, wakachunguza protini zilizomo. Kwa chanjo ya vifuko vya namna hiyo New Zealand ilianza mwaka 2004 kupambana na homa ya uti wa mgongo. Mbinu ni mpya, shabaha ni ile ile: mwili umjue adui mapema. Askari aliyechanjwa amekwisha kuweka zamu yake ya kwanza.