Imam Shafi: Mwanafunzi wa Ugenini Aliyejua Kujisomea

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Amma baad. Kila mwaka tunawaaga vijana wetu wanaokwenda kusoma nje: Misri, Saudia, Uturuki, Malaysia na kwengineko. Wazazi hujinyima, nauli hupatikana kwa taabu, dua husomwa, na wengi wetu tukisharudi nyumbani huona kazi imekwisha. Lakini kijana akifika huko hakuti mama wa kumwamsha alfajiri wala mwalimu wa kumfuatilia daftari. Anakuta ukumbi uliojaa watu, lugha ngeni, vitabu vinene na saa nyingi ambazo hakuna anayemuuliza amezitumiaje. Hapo anayejua kujisomea husimama, na asiyejua huyumba, hata akiwa na akili nzuri.

Ndiyo maana tumeona tumtazame Imam Muhammad bin Idris Shafi (Mwenyezi Mungu amrehemu). Visiwani kwetu tunafuata madhehebu yake, na watoto wetu wanasoma Safina, Abu Shujaa na Minhaji katika njia yake. Jina lake tumelizoea, ila maisha yake ya uanafunzi hatuyasimulii vya kutosha.

Alizaliwa mwaka 150 Hijria (767 Miladia) huko Gaza, kwa kauli iliyo mashuhuri, naye ni Mkureishi wa ukoo unaokutana na wa Mtume (S.A.W.) kwa babu yao Abdi Manafu. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo sana. Alipofikia umri wa kama miaka miwili, mama yake alihama naye kwenda Makka ili mtoto akulie kwa jamaa zake. Mama huyu hakuwa na kitu. Alipompeleka chuoni hakuwa na cha kumlipa mwalimu, na mwalimu akaridhika mtoto awe anawasimamia wenzake pale yeye anapoondoka. Akahifadhi Qur'ani akiwa na miaka saba.

Karatasi zilikuwa ghali. Inapokelewa kwamba aliandika masomo yake juu ya mifupa, akiweka katika mtungi nyumbani kwao mpaka ukajaa. Mara nyengine alikwenda kwenye ofisi za serikali kuomba karatasi zilizokwisha kutumika, akaandika upande wa nyuma. Tunaomba wazazi walizingatie hili. Kijana huyu hakusubiri vifaa vitimie ndipo asome, na alichosikia darsani hakukiacha kipotee njiani. Alirudi nacho nyumbani, akakiandika, akakihifadhi.

Kisha alikwenda jangwani kwa kabila la Hudhail, waliokuwa wakisifika kwa ufasaha wa Kiarabu. Aliishi nao kwa muda mrefu, akihama nao wanapohama na kushuka nao wanaposhuka, akihifadhi mashairi yao. Kiarabu kilikuwa lugha yake, na bado aliona hakijamtosha kwa elimu aliyoitaka. Basi kijana anayekwenda kusoma kwa lugha isiyo yake ana haja kubwa zaidi ya kuifanyia kazi mwenyewe kabla ya kufika na baada ya kufika, badala ya kujifungia na wenzake wa nyumbani kila siku.

Alipotaka kwenda Madina kwa Imam Malik, alifanya jambo ambalo tungependa kila msafiri wa elimu alijue. Aliazima kitabu cha Muwatta pale Makka, akakihifadhi kwanza, kisha ndipo akafunga safari. Alikuwa na barua ya liwali wa Makka ya kumtambulisha, lakini Imam Malik hakupendezwa na elimu kutafutwa kwa barua za wakubwa. Kilichomfungulia mlango ni usomaji wake. Alianza kusoma, na Imam Malik akavutiwa na namna anavyosoma, akamtaka azidi. Alifaidika kwa Imam Malik mpaka mwalimu wake huyo alipofariki mwaka 179 Hijria (795).

Na hapa tusikosee. Kuhifadhi kitabu peke yake hakukumfanya aone hahitaji mwalimu. Angeweza kukaa Makka na kudai anaijua Muwatta, kama wanavyofanya leo baadhi ya watu waliosoma kurasa mbili za intaneti wakaanza kutoa fatwa. Yeye alijisomea ili afike kwa mwalimu akiwa tayari, na mwalimu akamsahihisha na kumpa ufahamu. Kujisomea ni maandalizi ya darsa na muendelezo wake. Hakuchukui nafasi ya darsa.

Baadaye alipata kazi Yemen, na huko akashitakiwa kuwa yuko pamoja na wapinzani wa utawala. Mwaka 184 Hijria (800) alipelekwa Iraki mbele ya Khalifa Harun Rashid, na Mwenyezi Mungu akamuokoa. Mtu mwengine angekimbilia kwao. Yeye alibaki Baghdad kusoma kwa Muhammad bin Hasan Shaibani, mwanafunzi mkubwa wa Imam Abu Hanifa. Inapokelewa kwamba alitumia dinari 60 kupata vitabu vya mwalimu huyo, kisha akakaa navyo peke yake, akizingatia mas-ala moja baada ya moja na kuweka pembeni ya kila moja hadithi inayohusika. Huku ndiko kusoma: kuuliza dalili iko wapi. Kupitisha jicho juu ya maandishi usiku wa kuamkia mtihani hakufiki hapo.

Mwishoni mwa karne ile ya pili ya Hijria alihamia Misri. Alikuwa tayari imamu, na Ahmad bin Hanbal alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake. Pamoja na hayo alivirejea vitabu vyake, akaiandika upya Risala, na akabadilisha baadhi ya rai zake, ndiyo maana masheikh wetu hutaja kauli yake ya kale na kauli yake mpya. Usiku wake aliugawa mafungu matatu: la kuandika, la kusali na la kulala. Alifariki Misri mwezi wa Rajabu mwaka 204 Hijria (820), akiwa na miaka 54.

Basi tunawausia wazazi: kabla ya kutafuta nauli, mzoesheni mtoto kukaa na kitabu saa moja kila siku bila ya kusimamiwa, aandike alichokifahamu, na alete suala kwa alichokuwa hakukifahamu. Nanyi vijana mlioko ugenini, someni somo kabla ya kuingia darsani, lirejeeni siku hiyo hiyo, igawanyeni siku yenu kwa mafungu yanayojulikana, na msione haya kumuuliza mwalimu. Yatima wa Makka alianza na mtungi wa mifupa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Imam Shafi na mama yake, na awape watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.