Spencer Williams: Mwigizaji wa filamu za kutisha aliyefufukia ghalani Texas

Ukitaja filamu za kutisha na jimbo la Texas, wengi watakumbuka mara moja ile ya mwaka 1974 ya muuaji mwenye msumeno wa injini. Hatuwalaumu. Lakini sisi, tulio mashabiki sugu wa filamu za aina hii, jina linalotujia kwanza ni la mtu mnene, mcheshi na mweusi, aliyefanya kazi yake bora mjini Dallas na maeneo ya jirani zaidi ya miaka 80 iliyopita. Jina lake ni Spencer Williams. Leo tunapenda kuwasimulia maisha yake, kwani tunaamini hata ndugu zetu wengi wanaoishi Dallas, Fort Worth na Houston hawamjui.

Williams alizaliwa Julai 14, 1893 katika mji mdogo wa Vidalia, jimbo la Louisiana. Akiwa bado kijana alielekea New York, akaingia katika kazi za jukwaani na kujifunza uchekeshaji kwa Bert Williams, mchekeshaji mweusi mashuhuri kuliko wote wa wakati huo. Hawakuwa ndugu licha ya kufanana majina. Baadaye alijiunga na jeshi la Marekani, akatumikia wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Katika miaka ya 1920 alihamia Hollywood. Weusi hawakuwa na nafasi kubwa huko, hivyo alifanya kila kazi aliyoipata. Aliandika miswada, aliigiza, na mwaka 1928 aliongoza filamu fupi. Miaka kumi baadaye tunamkuta katika filamu za wachunga ng'ombe weusi kama Harlem on the Prairie ya mwaka 1937 na The Bronze Buckaroo ya mwaka 1939, akiwa pamoja na mwimbaji Herb Jeffries.

Mwaka 1940 ikatoka filamu iliyotufanya sisi kuwa mashabiki wake: Son of Ingagi, yaani Mwana wa Ingagi. Williams ndiye aliyeandika hadithi yake. Inahesabiwa na wengi kuwa filamu ya kwanza ya kutisha ambayo waigizaji wake wote ni weusi. Inamhusu daktari mwanamke, Helen Jackson, aliyerudi kutoka Afrika na dhahabu pamoja na kiumbe nusu mtu nusu sokwe, anayemficha katika chumba cha chini ya nyumba yake. Kiumbe huyo anakunywa dawa aliyoitengeneza daktari, anapandwa na wazimu na kumuua. Maharusi wawili wanarithi nyumba hiyo na vifo vinaanza. Williams mwenyewe ni mpelelezi Nelson, anayekuja kulinda nyumba kumbe hata mkate wake unaibiwa na jitu hilo nyuma ya mgongo wake. Mtazamaji anacheka na kuogopa kwa wakati mmoja.

Hapa inafaa kusema ukweli hata kama unauma. Wasomaji wetu Wanyarwanda wanalijua neno ingagi, kwani kwao ndiyo gorila. Neno hilo lilifika Hollywood kwa njia mbaya. Mwaka 1930 ilitolewa filamu iliyoitwa Ingagi, ikidai kuonyesha picha za kweli za msafara wa Kongo na wanawake wa Kiafrika wanaotolewa kwa masokwe. Ulikuwa uongo mtupu. Sokwe huyo alikuwa mwigizaji Charles Gemora ndani ya ngozi ya kuvaa. Hata hivyo watu walijazana kuitazama, na miaka kumi baadaye jina lile lilikuwa bado linauza tiketi. Kwa hiyo filamu iliyowapa weusi wa Marekani nafasi ya kuwa daktari, mpelelezi na maharusi, badala ya watumishi tu, iliendelea kulichukua bara letu kuwa makazi ya majitu. Sisi tunampenda Williams, lakini hatufumbi macho mbele ya jambo hilo.

Nyuma ya filamu hiyo ilikuwa kampuni ya Sack Amusement Enterprises ya Dallas, mali ya Alfred Sack, mzungu mfanyabiashara aliyesambaza filamu kwa watazamaji weusi. Itakumbukwa kuwa enzi hizo ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria Texas. Weusi walikaa roshani ya juu kwenye sinema za wazungu, au walikwenda kwenye kumbi zao wenyewe, kama zile za mtaa wa Deep Ellum mjini Dallas. Sack alivutiwa na kazi ya Williams na kumpa jambo ambalo Hollywood haikumpa: ruhusa ya kuandika, kuongoza na kuigiza filamu zake mwenyewe.

Ya kwanza ilikuwa The Blood of Jesus ya mwaka 1941, iliyopigwa Texas kwa dola 5,000 hivi. Mke mcha Mungu anapigwa risasi kwa bahati mbaya pale bunduki ya mumewe inapoanguka, na roho yake inatangatanga kati ya malaika na shetani hadi kwenye njia panda ya Sayuni na Jehanamu. Mwaka 1944 ilifuata Go Down, Death, ambamo Williams ni mwenye klabu ya usiku anayesababisha kifo cha mwanamke aliyemlea. Dhamiri inamwandama usiku kucha huku akionyeshwa mateso ya Jehanamu, hadi anakufa. Picha za Jehanamu zilikatwa kutoka filamu ya Italia ya mwaka 1911, kwani fedha za kutengeneza nyingine hazikuwepo. Kwetu sisi, hofu ya filamu hii inapita ile ya sokwe. Jitu linakimbilika, dhamiri utaikimbiaje?

Hadi mwaka 1947 alikuwa ameongoza filamu ndefu zipatazo tisa. Kisha soko la filamu za weusi likaporomoka, naye akahamia Tulsa, jimbo la Oklahoma.

Mwaka 1951 aliitwa kuigiza nafasi ya Andy katika kipindi cha televisheni cha Amos 'n' Andy, kilichokuwa kimevuma redioni kwa sauti za wazungu wawili waliojifanya weusi. Umaarufu aliokosa kwa miaka 30 aliupata kwa wiki chache. Lakini chama cha kutetea haki za weusi, NAACP, kilipinga vikali kipindi hicho kwa kuwadhalilisha weusi. Kilisimamishwa mwaka 1953, marudio yake yakaondolewa mwaka 1966. Williams alifariki dunia Los Angeles, Desemba 13, 1969, akiwa na umri wa miaka 76, akazikwa katika makaburi ya wanajeshi. Waliomkumbuka walimkumbuka kama Andy tu. Yule mwongozaji wa Dallas alikuwa amesahaulika.

Mwaka 1983 mambo yakabadilika. Katika ghala moja mjini Tyler, mashariki ya Dallas, yalionekana makopo ya filamu za zamani ambayo hayakuwa na mwenyewe. Habari zikamfikia G. William Jones, mtunza filamu wa Chuo Kikuu cha Southern Methodist mjini Dallas, naye hakupuuza. Ndani ya makopo zilikutwa filamu za weusi zilizodhaniwa zimepotea, zikiwemo za Williams. Mwaka 1991 The Blood of Jesus iliingizwa katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa za taifa la Marekani. Leo yeyote anaweza kuitazama Son of Ingagi kwenye intaneti bila kulipa hata senti.

Makopo yale yangeweza kutupwa jalalani, na Spencer Williams angebaki kuwa Andy milele. Tunayasema haya tukikumbuka filamu zetu wenyewe za kutisha za miaka ya 2000, kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi wa Tanzania, zilizosafiri hadi ughaibuni kwa kanda za VHS ndani ya masanduku ya nguo. Kanda hizo zinaoza taratibu. Msomaji uliyeko Houston, Fort Worth au Dar es Salaam, kama bado unayo moja chini ya kitanda, tunakuomba usiitupe.